Gari la Maziwa Lisilojua Kukimbia

Kwa miaka mingi Mwingereza alikuwa akiamka, akifungua mlango, akikuta chupa za maziwa zinamngoja kizingitini. Aliyezileta alikwisha pita zamani. Asiyelala fofofo huenda alisikia mlio mwembamba kama wa mbu, na chupa zikigongana, basi. Hilo, ndugu msomaji, ndilo gari la maziwa la umeme, na vituko vyake si haba.

Kabla yake alikuwapo farasi, naye alikuwa msaidizi hasa. Muuza maziwa akishuka na chupa zake, farasi husogea mwenyewe na kusimama penye nyumba ya mbele. Gari la umeme halikuwa na akili hiyo. Aina nyingine hata kiti hazikuwa nacho: muuzaji alitembea mbele ameshika mpini, akiliongoza mithili ya mtu na punda wake kule Lamu. Kiwanda cha Wales & Edwards kilijulikana kwa magari ya magurudumu matatu. Mengi hayakuwa na milango, maana atakayepanda na kushuka mamia ya mara ataufungua mlango mara ngapi? Mvua ikinyesha, ilikuwa halali yake.

Mwendo wake ulikuwa kama kilomita 25 kwa saa, na foleni iliyojipanga nyuma yake ilijua kulaani. Lakini mwenda pole hajikwai. Injini ya petroli ikiwashwa na kuzimwa kila mlango huchoka upesi, na ikiachwa inanguruma hula mafuta bure. Gari la umeme likisimama halili kitu, wala halimwamshi mtu alfajiri. Zile betri nzito za risasi na tindikali zilitaka maji ya betri na kuchomekwa umeme kila siku zamu ikiisha. Siku za baridi kali nguvu zilipungua, na kilima kikawa mtihani. Hata hivyo, mwaka 1967 chama cha magari ya umeme cha Uingereza kilitangaza kwamba nchi hiyo ina magari ya betri barabarani kuliko dunia yote iliyobaki ikijumlishwa.

Washairi hawakulitendea haki. Benny Hill, mchekeshaji aliyewahi kuuza maziwa mjini Eastleigh, alimwimba Ernie, muuza maziwa mwenye mbio kuliko wote, na wimbo ukashika nafasi ya kwanza Krismasi ya 1971. Ernie alipewa farasi. Nami namwelewa mtunzi: mbio za kilomita 25 utaziimbaje?

Wapo wanaodhani kuwa betri ndiyo iliyoliua. Si kweli. Friji iliingia jikoni, maziwa yakakaa siku kadhaa bila kuchacha, na duka kubwa likayauza kwa bei nafuu. Mwaka 1975 asilimia 94 ya maziwa yalitiwa katika chupa za kioo; kufikia 2012 ni asilimia 4 tu. Kilichopotea hapo si chupa peke yake. Muuza maziwa akikuta za jana hazijaguswa mlangoni kwa kizee aishiye peke yake, alijua pana neno, akabisha hodi. Friji haibishi hodi.

Mwaka 2018 kampuni ya Milk & More ilinunua magari mapya ya umeme kutoka Ujerumani kwa kazi ile ile. Haya yana milango, na yakitaka kukimbia yanaweza.