Mchujo wa vyuo Marekani: Timu 12 zinatosha, wasiongeze!

Niambie ukweli, umewahi kukesha hadi saa tisa na nusu usiku ukingoja mechi ya wanafunzi? Mimi nimewahi. Ilikuwa Januari 2025, Ohio State dhidi ya Notre Dame, fainali ya futiboli ya Kimarekani ya vyuo vikuu. Ule mchezo wa helmeti na mpira wenye umbo la yai, sio soka yetu. Ohio State walishinda 34-23.

Hiyo ndiyo ilikuwa fainali ya kwanza tangu mchujo upanuliwe kutoka timu nne hadi 12. Sasa kuna wakubwa wanaotaka kuongeza tena, wengine wanataja 16, wengine hadi 24. Je, mchezo unanoga au unaharibiwa?

Kwanza, tuseme haki. Mfumo wa timu nne, ulioanza msimu wa 2014, ulikuwa unaumiza watu. Mwaka wa 2023 Florida State walicheza mechi 13, wakashinda zote 13, halafu wakaachwa nje! Sababu? Jordan Travis, kwotabeki aliyeongoza mashambulizi yao, alikuwa ameumia, kamati ikaona timu si ile tena. Yaani umepita mitihani yote, kisha unanyimwa nafasi kwa sababu kalamu yako imevunjika.

Kwa hivyo kufika 12 kulikuwa sawa kabisa. Boise State, chuo cha Idaho ambacho hakiko kwenye ligi kubwa, kiliingia 2024 kama bingwa wa ligi yake. Penn State waliwachapa 31-14, sawa, lakini angalau walifungwa uwanjani, sio ofisini.

Sasa geuza shilingi. Novemba 2024 Ohio State walilimwa 13-10 nyumbani na mahasimu wao wa jadi, Michigan. Hicho kilikuwa kichapo chao cha pili msimu huo. Enzi za timu nne, hakuna timu yenye vichapo viwili iliyowahi kuingia. Safari hii walijipangusa vumbi wakabeba kombe. Ukifungulia timu 24, nani atatetemekea debi tena?

Halafu kuna ubora. Raundi ya kwanza ya 2024 ilikuwa na mechi nne. Wenyeji walishinda zote, na hakuna hata moja iliyoisha kwa tofauti ya chini ya pointi 10. Kama timu ya 12 inapigwa hivyo, ya 24 itaenda kufanya nini?

Lakini kinachonikera zaidi ni miili ya hao vijana. Ohio State na Notre Dame walicheza mechi 16 kila mmoja msimu huo. Hawa ni marika wetu, na wanagongana vichwa. Doo ipo, maana mkataba wa ESPN kuanzia 2026 ni dola bilioni 7.8 kwa miaka sita, na tangu 2025 vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja. Hata hivyo, wengi wao hawataonja NFL. Watahitaji digrii, na goti linalokunjika. Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, najua vile mtaa hukuuliza makaratasi.

Timu 12 zilifungua mlango kwa waliostahili. Kuongeza zaidi ni kuuza tiketi tu, na bili wanaachiwa vijana. Ama wewe unaonaje?