Utangulizi: Neva za Mkono, kutoka Shingoni hadi Vidoleni

Kunja kiwiko, inua kifundo cha mkono, kisha tanua vidole. Amri za matendo hayo hupita katika neva mbalimbali, lakini zote zimetokea kwenye mtandao mmoja uliofichika kati ya shingo na kwapa. Wanaanatomia huuita pleksasi ya brakia.

Una mizizi mitano: neva za shingo, ya 5 hadi ya 8, na ya kwanza ya kifua. (Pingili za shingo ni 7 tu, ila neva ya kwanza hutokea juu ya pingili ya kwanza, ndiyo maana neva zikazidi kwa moja.) Mizizi huungana kuwa mashina matatu, nyuma ya mtulinga kila shina hugawanyika, na kwapani matawi hayo hujisuka upya kuizunguka ateri. Hapo ndipo neva tano kuu za mkono huzaliwa.

Wanafunzi wengi hukariri mchoro huu na kuusahau upesi. Ushauri wangu ni kuanza na mgonjwa. Dereva wa bodaboda akiangukia bega, kichwa kikasukumwa upande wa pili, mizizi ya juu huweza kukatika. Mkono huning'inia umegeukia ndani, kiwiko hakikunjiki, lakini vidole bado vinashika. Mtoto mchanga ambaye bega lilikwama wakati wa kuzaliwa anaweza kuwa na hali hiyohiyo. Daktari Duchenne aliieleza mwaka 1872, na daktari Erb mwaka 1874. Mizizi ya chini ikiumia, kinachodhoofu ni kiganja. Augusta Klumpke, angali mwanafunzi wa udaktari Paris mwaka 1885, alionyesha kwa nini mboni ya jicho la upande huohuo husinyaa: nyuzi zinazoitanua hupitia mzizi wa kwanza wa kifua. Jicho likatoa habari za bega!

Neva iliyokatika huota takriban milimita 1 kwa siku, na msuli uliokosa neva haungoji milele. Kwa hiyo mwaka 1994 Oberlin, mpasuaji wa Ufaransa, alieleza njia ya mkato: kuchukua nyuzi chache za neva ya alina, mojawapo ya zile tano, ambayo hutokana na mizizi ya chini na hivyo kwa dereva yule ingali nzima, na kuziunganisha na neva ya msuli unaokunja kiwiko. Miezi ya mwanzo mgonjwa huambiwa akaze kiganja, na kiwiko hujikunja.