Kwa nini minyoo hukaa tumboni kimya kimya?

Mtoto anaweza kuwa na minyoo kwa miezi mingi huku akila, akicheza na kwenda shule bila kulalamika. Wazazi wengi, Tlawi na kwingineko, husema: "Huyu hana minyoo, mbona haumwi tumbo?" Ndugu msikilizaji, ukimya huo una sababu, na sehemu ya sababu hiyo imo katika kinga ya mtoto mwenyewe.

Mwili hulindwa na seli nyeupe za damu. Hizi hupambana na vijidudu, lakini zisipozuiwa zinaweza kumgeukia mwenyewe. Kisukari cha aina ya kwanza, kwa mfano, hutokea kinga inaposhambulia seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Ndiyo maana mwili una seli za kutuliza, ziitwazo seli T dhibiti. Mwanasayansi wa Japani, Shimon Sakaguchi, alizieleza mwaka 1995. Mwaka 2025 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Wamarekani Mary Brunkow na Fred Ramsdell.

Seli hizi hutuliza kwa njia kadhaa. Kwanza, hutoa kemikali zinazopunguza makali ya seli nyingine. Pili, hufyonza kemikali iitwayo IL-2, ambayo seli za mapambano huihitaji ili ziongezeke. Ikipungua, nazo hudhoofika. Tatu, huziendea seli zinazopeleka habari za adui na kuziondolea alama ya kuamsha mapambano.

Minyoo hunufaika na utulivu huo. Baadhi yake hutoa kemikali zinazochochea seli T dhibiti. Kinga inapoa, mnyoo anabaki salama. Mwenye mwili hahisi vita yoyote, lakini hasara inaendelea: minyoo ya safura hunyonya damu utumboni, na mtoto huweza kuishiwa damu, akachoka na kudumaa.

Huko Entebbe, Uganda, watafiti waliwapa baadhi ya wajawazito dawa ya minyoo, albendazole, na wengine kidonge kisicho na dawa. Matokeo ya mwaka 2011 yalionyesha kwamba watoto wa waliopewa dawa walipata zaidi pumu ya ngozi, ugonjwa unaotokana na kinga kuwa kali kupita kiasi. Hii inaendana na wazo kwamba minyoo huituliza kinga, hata ya mtoto aliye tumboni.

Je, tuache minyoo ikae? Hapana. Utulivu wake unalipwa kwa damu ya mtoto. Dawa za minyoo zinapotolewa shuleni, mtoto anywe hata kama haumwi. Mjamzito asinunue dawa dukani kwa kukisia. Aulize kliniki, ambako ataelekezwa dawa na wakati unaofaa. Tutumie choo, tunawe mikono kwa sabuni, na watoto wavae viatu, kwani safura huingia kupitia ngozi ya miguu. Ukimwona mtoto amepauka au anachoka upesi, mpeleke zahanati akapimwe damu na choo.