Ndai Inang'aa Kumbe Rangi Inaisha! Soma Hii Kabla Upigiwe Polishi Ingine

Cheki boneti ya V8 nyeusi imeegeshwa chini ya taa za stesheni ya petroli usiku. Kwa mbali ni kioo. Ukisonga karibu unaona mikwaruzo midogo imezunguka ile taa kama utando wa buibui. Mwenye ndai akiiona anakimbia kwa fundi: "Nipigie polishi, nataka ing'ae kama mpya." Kweli inang'aa. Miezi mitatu baadaye utando umerudi, na yeye amerudi kwa fundi. Mwaka ukiisha ashapiga polishi mara nne, na moyoni anajua anatunza gari.

Pole boss, unaimaliza. Kila polishi ya mashine inakata rangi kidogo, na ile imekatwa hairudi. Kama una ndai ya maana, ama unapanga kuagiza moja, ama unga wako unatoka kwa kuosha magari ya wadosi, hii stori ni yako.

Rangi yote ni unene wa karatasi moja

Gari ikitoka kiwandani haijapakwa kitu kimoja. Kwa mabati kuna tabaka la kuzuia kutu, juu yake praima, halafu rangi yenyewe, halafu juu kabisa kuna tabaka lisilo na rangi, limekaa kama kioo. Mafundi wa sprei wanaliita klia. Hiyo klia ndio inaleta mng'ao, na ndio inazuia jua lisichome rangi iliyo chini.

Ukijumlisha matabaka yote, gari nyingi zinasoma kati ya mikroni 90 na 150. Mikroni moja ni sehemu moja kwa elfu ya milimita. Karatasi ya kawaida ya kuchapisha iko kama mikroni 100. Yaani rangi yote ya hiyo Range ya mamilioni ni unene wa karatasi moja tu! Klia peke yake huwa kama mikroni 40 hadi 50, nyembamba kuliko unywele wa kichwa.

Na si eti unaweza kuitumia yote. Ukiikata sana, inashindwa kuzuia jua. Inaanza kupauka, halafu inachunika vipande vipande. Ushaona zile gari ziko na mabaka meupe kwa paa na boneti? Hiyo klia imekufa. Hapo polishi haisaidii kitu, ni kupigwa sprei upya. Na mnunuzi akijua gari imepigwa sprei, bei inashuka juu anajiuliza iligongwa wapi.

Utando wa buibui unatoka wapi?

Mara nyingi, pale pale unapoiosha. Kitambaa kimepangusa matatu ya Rongai asubuhi, kikaanguka kwa mchanga, kikakung'utwa mara moja, sasa kiko kwa mlango wa Benz yako. Kipande cha godoro nacho ni vile vile. Vumbi yetu iko na chembe za mchanga, na mchanga ni mgumu kuliko klia. Hata yule soja wa geti anayekupangusia vumbi na kitambaa kikavu ndio umtoe ya chai, anakupiga msasa bila kujua.

Kitu wengi hawajui ni kwamba hiyo mikwaruzo si ya mviringo. Imeenda kila upande, lakini mwanga unaonyesha ile tu imekaa vizuri kuzunguka taa, ndio macho yanaona duara. Kwa gari nyeupe iko pia, ni vile haionekani haraka. Nyeusi haifichi kitu.

Halafu rangi hazifanani. Za Wajerumani zina sifa ya kuwa ngumu. Mercedes-Benz walianza kutumia klia yenye chembe ndogo sana za seramiki mwaka wa 2003 ndio isikwaruzike ovyo. Upande ule mwingine kuna nyeusi ya Toyota, kodi 202, ile utapata kwa Prado, Land Cruiser na Lexus kibao. Wapiga polishi wa huku na wa majuu wanaijua kwa ulaini wake: ukiipangusa vibaya mara moja tu, imeandikika. Kwa hivyo fundi akikuambia anapiga magari yote na dawa moja na mashine moja, huyo anabahatisha.

Kinyozi na kichwa chako

Kurekebisha rangi ni kama hii: kinyozi amekosea, akakata sehemu moja ya kichwa chini sana. Hawezi kurudisha nywele hapo. Ndio kichwa kikae sawa, lazima ashushe zile zingine zote zifike pale alikosea. Polishi inafanya hivyo. Haijazi mkwaruzo. Inashusha klia iliyo kando mpaka ikae sawa na chini ya mkwaruzo, ndio mwanga ugonge sehemu iliyo laini. Tofauti ni moja: nywele zitamea.

Polishi nyepesi inaweza kutoa mikroni moja hivi, ama hata chini yake. Kukata kwa nguvu na kompaundi kunaweza kutoa tatu, nne ama zaidi. Msasa ndio usiseme. Sasa piga hesabu: ukikata nzito kila miezi mitatu kwa klia ya mikroni 40, utafika mwaka wa ngapi?

Fundi anayejua kazi hafungui mashine kwanza. Anaosha gari vizuri, anatoa lami na ile vumbi ya chuma inayotoka kwa breki, kisha anapitisha ule udongo maalum, wanauita klei, kutoa uchafu ulioganda. Anapima unene wa rangi kila paneli. Anafunika plastiki na mipira kwa tepu. Halafu anajaribu sehemu ndogo, kama nusu mita, akianza na sponji laini kabisa na dawa nyepesi kabisa. Ikitoboa, anaishia hapo. Ikikataa, ndio anapanda ngazi moja.

Mashine pia si moja. Kuna ile inazunguka tu pahali pamoja: inakata haraka, inatoa joto, na kwa mkono wa haraka haraka inaacha mawimbi unayaona juani. Kwa kona na kingo za milango, ambapo rangi huwa nyembamba, inaweza kufika kwa praima kabla useme pole. Kuna ile nyingine inazunguka huku inatikisika. Hiyo ni ya polepole lakini ni salama zaidi.

Na kuna mikwaruzo ya kuachwa. Pitisha ukucha polepole juu yake. Ukucha ukikwama, mkwaruzo umeenda chini sana. Kuutoa wote ni kumaliza klia. Mwambie fundi aupunguze makali tu, usonge na maisha.

Unaagiza gari? Hapa pia kuna rada

Kenya hairuhusu gari kuukuu lililopita miaka 8. Maana yake ni kwamba hiyo ndai yako "mpya" inaweza kuwa imeoshwa miaka saba, pengine imekatwa tena na muuzaji ndio ipendeze kwa picha. Kile kifaa cha kupima unene wa rangi kitakuambia. Paneli zote zikisoma karibu sawa, kama 110 hadi 140, uko fiti. Mlango mmoja ukisoma 250, umepigwa sprei. Ukisoma 800, hapo chini kuna puti, na kuna ajali mtu hajakuambia. Range Rover kubwa iliyozinduliwa 2012 iko na bodi ya alumini, kwa hivyo hakikisha kifaa kinasoma alumini, si chuma peke yake.

Kama inatoka Japani, itisha karatasi ya mnada. Kwa ule mchoro wa gari, herufi A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni sehemu ilitengenezwa ama kupakwa rangi. Namba kando ya herufi ikiwa kubwa, shida ni kubwa. XX ni paneli imebadilishwa.

Mng'ao wa kukopeshwa

Sasa kuna mchezo. Kuna dawa zenye mafuta na vijazo ambazo hazikati, zinajaza tu mikwaruzo. Gari inatoka hapo imekolea, unapiga picha, unalipa pesa ya kurekebishwa. Ukiiosha mara mbili tatu, utando huo hapo umerudi.

Hii si dawa mbaya. Kama rangi yako imebaki nyembamba, kujaza ni akili kuliko kukata. Ubaya ni kulipishwa kazi ingine ukiambiwa ni hii. Njia ya kujua ni rahisi: kabla ya kulipa, mwambie fundi apanguse paneli moja na spiriti ya isopropili iliyochanganywa na maji, halafu mmulike na tochi kali. Spiriti inatoa mafuta yote. Ile inabaki ndio kazi halisi. Fundi msafi hatakasirika. Wengi wao wanafanya hivyo bila kuulizwa.

Nta, seramiki ama filamu?

Ukishalipa kukata, linda. Kuna ngazi tatu.

Ya kwanza ni nta. Ile maarufu inaitwa karnauba, inatoka kwa majani ya mtende unaomea kaskazini mashariki mwa Brazil. Inapendeza, ni ya bei ya chini, unaipaka mwenyewe Jumapili. Lakini ni ya wiki kadhaa, miezi michache ukibahatika.

Ya pili ni seramiki. Ni maji maji yanapakwa, yanakauka na kushikana na klia. Inafanya uchafu usishike, maji yanateleza, na kuosha kunakuwa rahisi. Inakaa miaka, kulingana na dawa na vile unaitunza. Lakini usidanganywe na ile "9H". Hiyo namba inatoka kwa kipimo cha penseli, 9H ikiwa penseli ngumu kabisa. Haina uhusiano na almasi. Seramiki yenyewe huwa kama mikroni moja hivi. Haizuii jiwe la Mombasa Road, haizuii boda akikupitia na kioo, na haizuii kile kitambaa cha matatu. Na ukiipaka juu ya mikwaruzo, umeifungia ndani. Ikishapakwa, iweke mbali na maji angalau saa 24, na usiioshe na sabuni kama wiki moja.

Ya tatu ni filamu. Hii ni plastiki ya poliyurethani, haionekani, inabandikwa juu ya rangi, unene kama mikroni 150 hadi 200. Wazo lake lilianza jeshini: 3M waliitengeneza kulinda mapanga ya helikopta za Marekani wakati wa vita vya Vietnam. Hii ndio pekee kati ya zote tatu inayokinga mawe kweli kweli. Zile nzuri, mikwaruzo midogo inajifunga yenyewe ikipata joto la jua. Ni ghali, kwa hivyo wengi wanaweka mbele tu: bampa, boneti, vioo vya pembeni. Kama wewe ni wa barabara kuu kila wikendi, hapo doo imeenda pahali pazuri.

Maadui wa Nairobi

Nairobi iko karibu na ikweta na juu kiasi cha mita 1,700 kutoka baharini, kwa hivyo jua letu linachoma rangi hata kukiwa na baridi. Wale korongo wa marabou karibu na Nyayo Stadium hawana huruma, na kinyesi cha ndege kina asidi. Kikipikwa na jua kwa boneti moto, kinaacha alama ndani ya klia. Kilowanishe na maji, kiache kilainike, kisha kitoe bila kusugua. Siku hiyo hiyo, si Jumamosi. Maua ya jakaranda yanaacha utomvu unanata, usiegeshe chini yake Oktoba na Novemba. Maji ya chumvi ya visima vya kuchimbwa yakikaukia juani yanaacha madoa meupe, kwa hivyo kausha gari haraka. Na kama uko Mombasa, ile chumvi ya upepo wa bahari inataka kuoshwa mara kwa mara.

Kuosha ndio dawa kubwa

Hii haitaki pesa ya mdosi. Mwaga maji kwanza, mchanga utoke bila kuguswa. Tumia ndoo mbili: moja ya shampuu ya magari, moja ya kusuuza glavu. Glavu iwe ya mikrofaiba, si godoro. Anza na paa ushuke, matairi yawe na kitambaa chake. Sabuni ya unga ya nguo achia nguo, inatoa nta yote. Kausha na taulo kubwa ya mikrofaiba, kivulini.

Ukipeleka gari kwa vijana wa kuosha, beba glavu na taulo zako kwa buti. Wape, uwaeleze kwa heshima, uongeze kitu kidogo juu. Na kama wewe ndio kijana wa kuosha, hapa kuna biashara: nunua ndoo mbili na glavu safi, mwambie mwenye V8 nyeusi kwa nini unafanya hivyo. Atakutafuta wewe tu.

Kabla ya polishi ijayo, uliza fundi maswali manne: Rangi imebaki mikroni ngapi? Utaanza na dawa gani kwa sehemu ya kujaribu? Utapangusa na spiriti nikiona? Na kuna haja kweli ya kukata, ama kuosha vizuri na nta vinatosha? Akijibu hilo la mwisho kwa kukuambia ubaki na pesa yako, shika namba yake. Huyo ndio fundi wako.