Wezi wa Dhahabu: Kununua, Kukodi au Kusubiri?

The Lavender Hill Mob, filamu ya mwaka 1951, haikosekani watu wanapotaja komedi bora za Uingereza, na mwandishi wake, T.E.B. Clarke, alipata Oscar. Mimi ilinitabasamisha zaidi kuliko kunichekesha. Si mbaya. Ila kwa bei ya toleo jipya la 4K, “si mbaya” haitoshi.

Alec Guinness ni karani mpole aliyezeeka akisindikiza dhahabu ya benki. Anakutana na Stanley Holloway, mtengenezaji wa vikumbusho vya watalii. Wanaiba dhahabu, wanaiyeyusha na kuisubu iwe vijimnara vya Eiffel ili waivushe hadi Paris. Vijimnara sita vinauzwa kimakosa kwa wasichana wa shule wa Kiingereza, na wezi wetu wanashuka mbio ngazi za mnara wenyewe, wanazunguka na kuzunguka mpaka kizunguzungu kinageuka kicheko. Hapo filamu inawaka kweli. Kabla ya hapo ni mipango mingi, na kufukuzana na magari ya polisi baadaye kunachosha kidogo.

Uingereza, kukodi filamu kama hii mtandaoni ni pauni tatu na ushee. Diski ya 4K yaweza kufika pauni 20 au kupita, kwa picha isiyo na rangi utakayoitazama mara moja. Kodi tu. Ukitaka ya kuweka kabatini, chukua The Ladykillers ya 1955: Guinness yuleyule, Peter Sellers akiwa bado kijana, rangi za Technicolor, na Katie Johnson, kikongwe anayewashinda majambazi bila kujua. Ile ya Kimarekani ya 2004 sitaki hata ya bure.

DVD ya mitumba huko Uingereza ni pauni moja au mbili, na ndiyo inayotamanisha ukiwa na ndugu London. Angalia kanda (region) kwanza: DVD za Uingereza ni kanda ya 2, Kenya na Tanzania ni kanda ya 5, na deki iliyofungwa kwa kanda ya 5 itaikataa. Blu-ray haina shida hiyo, kwani Uingereza na huku kwetu ni kanda B. Diski za 4K hazina kanda kabisa, ila deki yake itakugharimu kuliko diski kadhaa. Ndugu mwenyewe asinunue chochote. Chaneli ya huko, Talking Pictures TV, huonyesha filamu za zama hizo bila malipo ya ziada.