Kabla ya Kumtia Mbwa Chipu, Tumtafute Mwenyewe

Katika malango mengi ya Buruburu, Umoja na Donholm kumebandikwa kibao cha bati chenye maneno mawili: "Mbwa Kali". Wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza hukicheka kibao hicho, kwa kuwa walifunzwa tangu shule ya msingi kwamba mbwa ni kiumbe mwenye uhai na huchukua upatanisho wa watu na wanyama: mbwa mkali. Nami nilikuwa nikikicheka. Siku hizi ninaona kwamba aliyekiandika, pasipo kukusudia, alisema ukweli fulani kuhusu maisha yetu. Alimtia mbwa katika ngeli moja na dawa kali na pombe kali, yaani alimhesabu kuwa kifaa, mfano wa kufuli au seng'enge. Kisha akasahau kuandika kifaa hicho ni cha nani.

Swali hilo la nani ndilo ninalotaka tulijadili leo, kwa sababu pamezuka miongoni mwetu watu wanaoshikilia kwamba kila mbwa afugwaye mjini atiwe chipu kwa lazima ya sheria, kama ifanyikavyo ng'ambo. Wanaosema hivyo si wajinga, na hoja yao haipaswi kupuuzwa.

Acha nianze na kisa nilichokishuhudia. Miaka michache iliyopita, mvulana wa darasa la tatu aliumwa na mbwa kwenye shavu la mguu alipokuwa akienda shuleni asubuhi, hatua chache kutoka ninapoishi. Mbwa yule tulimjua sote. Watoto walimpa jina la Simba. Mwenye bucha alimtupia mifupa, muuza mutura alimwachia makombo jioni, na soja wa ploti aliyokuwa akilala alimtegemea usiku kuliko alivyoitegemea rungu yake. Mama wa mtoto alipokuja na mwanawe mkononi kuuliza mbwa ni wa nani, mwenye bucha alisema yeye humpa mifupa tu kama angalivyompa mbwa yeyote. Soja akasema alipoandikwa kazi alimkuta papo hapo. Msimamizi wa ploti naye akasema kanuni za nyumba haziruhusu wapangaji kufuga mbwa, kwa hiyo mbwa hayupo. Mbwa aliyekuwa wa kila mtu siku ya Jumatatu akawa si wa mtu siku ya Jumanne. Jumatano akatoweka kabisa, na mpaka leo hatujui kama alikimbia au aliuawa.

"Mwalimu," yule mama aliniambia, "sasa nimwulize nani?"

Msomaji aelewe kwa nini swali lile lilikuwa zito. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Ila kabla ya dalili kuna njia ya kuokoka: kidonda kioshwe mara moja kwa sabuni na maji mengi kwa muda wa dakika 15, kisha mgonjwa aanzishiwe chanjo bila kukawia. Katika utaratibu uliozoeleka, sindano hutolewa siku ya kwanza kisha siku ya 3, ya 7, ya 14 na ya 28. Hapa ndipo mbwa mwenyewe anapohitajika. Akipatikana, akafungiwa na kuangaliwa kwa siku 10, naye akabaki mzima wa afya, daktari anaweza kuzisitisha sindano zilizosalia, kwani mbwa aliyekuwa na virusi katika mate yake siku ile angekuwa ameugua au amekufa. Mbwa akitoweka hakuna la kuangalia. Mtoto atadungwa zote, na mama atatafuta nauli na fedha za zote, na kwa muda mrefu hatalala usingizi wa raha.

Basi, watetezi wa chipu husema, kama Simba angekuwa na chipu tungemjua mwenyewe. Tuipime kauli hiyo. Chipu ya mbwa ni kidude kidogo kama punje ya mchele, kinachodungwa chini ya ngozi baina ya mabega. Hakina betri, wala hakimwonyeshi mbwa alipo, kama wengi wanavyodhani. Kimebeba nambari tu, ya tarakimu 15, nayo husomwa kwa mashine maalumu iliyosogezwa karibu na mwili. Nambari yenyewe haina maana mpaka ioanishwe na daftari lenye jina na anwani ya mtu. Nikisema kwa lugha ya taaluma yangu, chipu ni kitaja kisicho na kitajwa mpaka mtu ajitokeze na kusema, "Ni wangu." Kwa Simba, ni nani angalijitokeza siku ya kudungwa? Na mbwa aliyetoweka Jumatano angesomwa na nani?

Mfano unaotolewa sana ni Uingereza, ambako chipu imekuwa lazima kwa mbwa tangu Aprili 2016. Ni kweli. Lakini wanaoutoa mfano huo husahau kutazama kalenda. Waingereza waliutokomeza ugonjwa wa kichaa cha mbwa mwanzoni mwa karne ya 20. Ukaingizwa tena mwaka 1918, mwishoni mwa Vita Vikuu vya Kwanza, na ukatokomezwa mwaka 1922. Kutoka 1922 hadi 2016 ni miaka 94. Chipu kwao ililetwa kurudisha mbwa waliopotea na kuwabana wanaowatelekeza, wakati mtoto wa London alikuwa hana haja ya kuogopa mate ya mbwa wa jirani. Sisi tunataka kuanzia walikomalizia. Isitoshe, hao hao Waingereza walikuwa na leseni ya mbwa, ada yake ikawa peni 37 tu, nao wakaifuta katika miaka ya 1980. Wengi walikuwa hawailipi, na gharama ya kuisimamia ilizidi mapato yake.

Nasi hatukosi sheria. Tunayo Sheria ya Kichaa cha Mbwa, sura ya 365. Kaunti ya Nairobi nayo ilipitisha mwaka 2015 sheria yake ya kudhibiti mbwa na kulinda ustawi wao, inayomtaka mwenye mbwa awe na leseni. Ningependa mwalimu yeyote anayefundisha Kayole, Dandora au Kariobangi awaulize wanafunzi wake ni wangapi wamewahi kuiona leseni ya mbwa kwa macho. Sheria inayomdai leseni "mwenye mbwa" huwapata kwa urahisi wale wenye lango na kibao. Mbwa wa ploti humpita kando. Kiswahili kina maneno matatu hapa ambayo tusiyachanganye: mmiliki, mfugaji na mlishaji. Huko Muthaiga maneno hayo matatu humhusu mtu mmoja. Eastlands huenda yakawahusu watu watatu, na wakati mwingine mmiliki hayupo kabisa.

Kuna jambo jingine ambalo wataalamu wa mifugo hawalitaji, na ambalo mwanaisimu hawezi kulinyamazia. Watu wa mitaa hii wana kumbukumbu ndefu ya kuandikishwa. Sheria ya kikoloni ya mwaka 1915 ndiyo iliyozaa kipande, ile karatasi ya mfanyakazi Mwafrika iliyobebwa ndani ya kijaluba cha bati kilichoning'inizwa shingoni. Pumwani, Shauri Moyo na Kaloleni waliishi wazee walioivaa bati hiyo, na waliosema kwamba walifanywa kama mbwa. Harry Thuku alipokamatwa Machi 1922, kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko yaliyowatoa watu barabarani. Sisemi kwamba chipu ya mbwa ni kipande. Nasema kwamba daftari lolote linalokuja na faini mbele na faida nyuma, watu wa hapa watalikimbia, na mbwa wao watakanwa kama Simba alivyokanwa. Adhabu ikiwa kubwa, kumkana mbwa kutakuwa rahisi kuliko kumfuga.

Je, tuache mambo yalivyo? Hasha. Inakadiriwa kwamba kichaa cha mbwa huua takriban watu 2,000 kila mwaka nchini Kenya, na ulimwenguni kote waumwao na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huu, 4 katika kila 10 ni watoto wa chini ya miaka 15. Mpango wa kitaifa uliotangazwa mwaka 2014 unanuia kukomesha vifo hivyo ifikapo 2030, na kiini chake ni kuwachanja mbwa 7 katika kila 10, mwaka baada ya mwaka. Kinachohesabiwa pale ni mbwa waliochanjwa. Kisiwani Pemba, kampeni za chanjo ziliufukuza ugonjwa huu. Uliporejea mwaka 2016 chanjo zikarudiwa, nao ukafukuzwa tena. Kazi hiyo haikuhitaji mbwa wa Wete na Chake Chake wawe na nambari mwilini.

Kwa hiyo nikiulizwa kuhusu lazima, nitasema lazima ya kwanza iwe chanjo ya kila mwaka, ya bure, ipelekwe ilipo mitaa: uwanja wa shule siku ya Jumamosi, penye watoto, maana watoto ndio wawezao kumshika mbwa asiyekubali kushikwa na mtu mzima. Aliyechanjwa avishwe mkanda wa rangi ya mwaka huo shingoni, uonekane na mama aliye upande wa pili wa barabara bila mashine. Lazima ya pili iwe juu ya ploti. Mbwa alalaye katika ploti awe wa ploti hiyo, na mwenye ploti aandikwe jina lake, apende asipende, kwani yeye ndiye anayefaidi ulinzi na kodi. Chipu iwe lazima kwa kampuni za ulinzi na kwa wanaozalisha na kuuza mbwa, ambao wana fedha na madaftari tayari. Wengine wapewe pamoja na chanjo wakiitaka.

Najua nitapingwa kwamba mwenye ploti akiandikwa jina atawatilia mbwa sumu ili aondokane na mzigo. Hatari hiyo ipo, na ndiyo maana ninasisitiza chanjo iwe ya bure na itangulie jina. Tena kuua hakusaidii. Taka za Dandora na makombo ya sokoni hayana siku ya kufunga, na nafasi ya mbwa aliyekufa hujazwa na mwingine ambaye hajachanjwa.

Yule mvulana alimaliza sindano zake na yu mzima. Juma lililopita nilipita penye ile ploti nikaona mbwa mwingine, mweupe mwenye sikio moja lililochanika, amejilaza kivulini mwa lango. Nikamwuliza soja, ambaye naye ni mgeni, mbwa huyu ni wa nani. Akanitazama, akacheka.

"Ni wa hapa tu, mwalimu," akasema.