Je, Wajua? Mtaro Humfungia Mzee Nyumbani
Je, wajua kwamba kujitegemea kimwili, yaani uwezo wa kutembea, kuoga na kwenda msalani bila kushikwa mkono, hakutokani na afya pekee bali pia na mji anamoishi mtu? Mjini Isiolo, kando ya barabara kuu iendayo Moyale, mzee wa miaka 90 akikuta mtaro usiofunikwa, au bodaboda zilizoegeshwa penye njia ya waenda kwa miguu, huenda akaacha kwenda sokoni, na misuli isiyotumika, hasa ya mapaja, hudhoofika upesi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2007 kuhusu miji rafiki kwa wazee ulihimiza mambo ambayo kwa kweli si makubwa: njia zisizo na mashimo, viti vya kupumzikia na vyoo vya umma. Nchini Kenya, Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kinaitaka Serikali iwawezeshe wazee kushiriki kikamilifu katika shughuli za jamii.